Pipa la Ijumaa

Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu nililala mpaka saa tatu asubuhi. Simu haikulia. Nilipoamka niliishika nikidhani imezima, nikakuta ina chaji, mtandao upo, na ujumbe ni mmoja tu, wa shoga yangu wa Tabata akiniulizia sare ya harusi. Nikacheka peke yangu chumbani. Miaka yangu ya mwisho kazini, hata Jumamosi isiyo zamu yangu ilianza na sauti ya mtu wa wodini ikisema, "Sista Salima, samahani kwa usumbufu."

Neema, aliyerithi meza yangu, ndiye aliyeniomba niwaandikie nyie mnaoanza kazi ya kudhibiti maambukizi hospitalini kwetu. Alisema, "Andika dada, maana hawa wanadhani rosta ya wikiendi ilishuka na mvua." Haya, naandika. Vyeo sitavigusa kwa sababu vilikuwa vichache, na mshahara sitausema kwa sababu mnaujua.

Nilitoka Masasi nikiwa na sanduku moja na cheti cha uuguzi, nikapangiwa hospitali yetu hii ya upande wa Temeke. Baada ya miaka kadhaa ya wodi nilipelekwa kwa Mama Ngonyani, muuguzi wa kwanza hospitalini kupewa kazi ya kudhibiti maambukizi. Alikuwa mwanamke mfupi wa Songea, mwenye sauti ya chini na macho yasiyosahau. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya nikitegemea kuonyeshwa ofisi. Ofisi haikuwepo. Alinipeleka chumba cha kuoshea vifaa, akaniwekea ndoo mbili za maji ya klorini, akaniambia nisiinamie, nipunge mvuke kwa mkono uje puani.

"Ipi ya leo?" akaniuliza.

Nikaonyesha ya kushoto. Nilikosea. Kesho yake akauliza tena, nikakosea tena. Siku ya nne sikukosea, na wala hakunisifu. Alisema tu, "Maji ya jana ni maji tu," akaenda kumwaga ile nyingine.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Klorini huchanganywa upya kila siku, kwa kipimo, kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, kivulini. Jua linaiua, chuma kinaila, na siku zikipita inakufa yenyewe. Alinifundisha pia kutembea na tochi ya kumulika chini ya vitanda, daftari la kuandika homa za kila wodi, na plasta ya gundi ya kubandika na kuandika kwenye vyombo. Wakati fulani wa kipindupindu tulipewa vikaratasi vya kupimia klorini, vile unavyochovya vikabadilika rangi. Kipindupindu kilipoisha vyangu nilivificha kwenye mkoba, nikavitunza kama hirizi.

Mama Ngonyani alistaafu akarudi Songea, na mimi nikabaki na hospitali nzima. Muuguzi mmoja wa maambukizi, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka saa tisa na nusu. Jumamosi na Jumapili hakukuwa na mtu. Wadudu hawakupewa taarifa hiyo.

Wikiendi ya hospitali mnaijua, lakini ya wakati ule ilikuwa na balaa zake. Stoo ilifungwa Ijumaa, na funguo zikaenda Tabata mfukoni mwa mtunza stoo, Mzee Lyimo. Klorini ikiisha wodini, ndiyo imeisha. Ikibaki kidogo, kila mtu anachanganya kwa jicho. Kuna Jumamosi mhudumu mmoja alichanganya kali mpaka wagonjwa wakatolewa barazani wanakohoa, na mashuka ya kijani ya upasuaji yakageuka rangi ambayo mpaka leo sijui jina lake. Jumapili iliyofuata wakaogopa, wakaweka kijiko kimoja kwenye ndoo nzima.

Nikaona nitumie akili. Jirani yangu aliyefanya kazi kwenye yadi za makontena Kurasini alinipatia pipa kubwa la chuma, safi, nikalipaka rangi ya bluu. Kila Ijumaa saa tisa nililijaza klorini kwa kipimo sahihi, ya kutosha Jumamosi na Jumapili, kwa ajili ya chumba cha watoto njiti na wodi ya wazazi. Ndani hakukuwa na nafasi, likakaa baraza la nyuma. Juu yake nikabandika plasta na kuandika kwa herufi kubwa: MCHANGANYIKO WA WIKIENDI. MSIONGEZE KITU. SISTA SALIMA.

Mnaona nilichofanya? Chuma, jua la mchana, siku mbili. Vyote vitatu nilikatazwa. Lakini nilijiambia pipa lina mfuniko, nimelipaka rangi, na siku mbili si nyingi. Metroni wetu alilisifu kwenye kikao, akasema huo ndio ubunifu anaoutaka. Mtu ukisifiwa kikaoni, pua inaziba.

Miezi ikapita. Daftari langu la homa likaanza kuniambia jambo. Kwenye chumba cha watoto njiti, homa nyingi zilikuwa zinaanza Jumapili au Jumatatu alfajiri. Katikati ya wiki palikuwa shwari. Nililiona hilo nikajua mara moja la kufanya: nikawalaumu watu wa wikiendi. Niliwaita wote, wauguzi na wahudumu wa usafi, nikawasomea daftari, nikamalizia kwa kuwaambia kikulacho ki nguoni mwako. Niliisema huku nawaangalia mmoja mmoja. Neema alikuwepo, wakati huo muuguzi mpya wa njiti, binti wa Kyela anayeimba kwaya. Aliinamisha kichwa.

Nikaandika pia barua kwa mganga mfawidhi, Daktari Kweka, kuomba muuguzi wa maambukizi wa wikiendi, wa kuwasimamia. Akaniita ofisini.

"Sista, wauguzi wa kuhudumia wagonjwa hawatoshi," akasema. "Unataka nikupe wa kuwachunga wauguzi?"

"Daktari, wikiendi hawanawi mikono."

"Umewaona?"

Sikuwa nimewaona. Nikaondoka nimenuna.

Ndipo alipoingia Rehema. Alikuwa mama wa Kurasini, mumewe kuli wa bandarini, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike wa kilo moja na robo. Kabla ya huyo alikuwa amezika wawili. Alimlaza mtoto yule kifuani asubuhi na jioni, na kila alipopimwa aliuliza gramu zimeongezeka ngapi, akazirudia kwa sauti kama anayeogopa atanyang'anywa. Ijumaa moja, nilipotoka kujaza pipa langu, alinisimamisha mlangoni.

"Sista, mie wikiendi naiogopa."

"Kwa nini?"

"Humu kila wikiendi lazima kuna mtoto anachemka. Sie tunaokaa tunaona. Wiki iliyopita wa kitanda kile, wiki ya juzi wa hapa jirani yangu. Kwani wikiendi kuna nini?"

Mtoto wake alikuwa amelala pale, mkono wake mzima mdogo kuliko kidole changu gumba. Nikamwambia, "Wikiendi hii nitakuja mwenyewe."

Jumamosi ile ilikuwa harusi ya binti wa dada yangu, Mbagala. Sare nilishashona. Mnajua Dar Jumamosi ni siku ya shughuli, na ukikosa shughuli ya damu yako unasimangwa mpaka uzeeni. Dada yangu bado ananisimanga. Nilikwenda hospitali saa moja asubuhi nikakaa kwenye kona ya chumba cha njiti na daftari, kama askari wa doria, nikisubiri kuwakamata.

Sikumkamata mtu. Walinawa kabla ya kumgusa mtoto na baada ya kumgusa. Mizani ilifutwa kwa klorini kila mtoto alipotoka. Mirija ya oksijeni ililowekwa muda unaotakiwa, Neema akiangalia saa. Mpaka jioni nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa mambo mazuri. Nami nilisikitika. Nataka mlijue hili kwa sababu litawapata na nyie: nilisikitika kukuta wenzangu wanafanya kazi vizuri.

Jumapili asubuhi mtoto wa Rehema alikuwa na homa.

Daktari wa zamu alikuja haraka, akachukua damu, akaanzisha dawa. Rehema hakulia. Alisimama ukutani na kanga mdomoni, ananitazama mimi, si daktari. Nilishindwa kusimama mbele ya macho yale, nikatoka kwenda baraza la nyuma. Huko nikamkuta Bi Somoe, mhudumu wa usafi, anachota kwa jagi kutoka kwenye pipa langu.

Bi Somoe alikuwa amenizidi umri kwa mbali. "Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, sista."

Nikasogea. Upepo ulikuwa unatoka kwenye pipa kuja kwangu. Nikapunga mkono kama nilivyofundishwa, nikasubiri ile harufu ya kuchoma. Haikuja. Nikapunga tena.

"Bi Somoe, haya maji hayanuki."

"Jumapili hayanukagi," akajibu bila kuacha kuchota. "Jumamosi asubuhi yananuka kiasi, ikifika jioni yametulia."

"Na hukusema?"

Akaweka jagi chini. "Ningemwambia nani, mwanangu? Wikiendi wewe haupo. Halafu si umeandika mwenyewe tusiongeze kitu? Mie kusoma najua. Sie tukaona labda ya wikiendi ndo yalivyo."

Nilifungua mkoba, nikatoa kikaratasi cha kupimia, nikachovya. Kilibaki cheupe. Nikatoa cha pili, cheupe. Cha tatu nacho, cheupe. Nilifunua pipa nikamulika ndani kwa tochi. Rangi yangu ilikuwa imebanduka na kutu imetanda chini. Kwa miezi yote ile, kila Jumapili, walikuwa wanafuta mizani na kuloweka mirija kwa maji ya kutu, kwa uaminifu, kwa sababu plasta ilikuwa na jina langu.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Na wazo la kwanza lililonijia halikuwa zuri, nalo nitaliandika: kwamba naweza kulimwaga lile pipa, nikang'oa plasta, na Jumatatu nikaleta utaratibu mpya, na hakuna atakayejua. Bi Somoe alinitazama, naamini alilisoma wazo lenyewe.

"Sista," akasema taratibu, "mficha uchi hazai."

Mtu akisema hivyo kwenye jengo la wazazi, maana haihitaji kufafanuliwa. Niliinuka.

Kitu cha kwanza kilikuwa klorini, na klorini ilikuwa stoo, na funguo zilikuwa Tabata. Nilimpigia Mzee Lyimo akiwa kanisani. Akapokea kwa kunong'ona, nikamwambia kwa kelele. Alifika kwa bodaboda na suti yake ya kijivu, tai imepeperukia mgongoni, ananiuliza ni nani amekufa. "Hakuna bado," nikamwambia. "Fungua." Tulichanganya upya kwa kipimo kwenye ndoo za plastiki, mimi na Bi Somoe, tukaingia chumba cha njiti tukafuta kila kitu: mizani, vitanda, vitasa, meza ya dawa. Mirija yote iliyolowekwa nikaitupa, tukafungua mipya.

Kisha nikamwita Neema pembeni nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na harufu na kutu.

"Dada, mie nina barua ya kuomba kuhama wodi," akasema. "Imo kwenye pochi. Nilishaamini ni mikono yangu. Kila wikiendi nanawa mpaka ngozi inatoka, na bado wanachemka."

Akanionyesha mikono. Ilikuwa imepasuka vifundoni. Nilimwomba radhi, nikalia mbele yake, mimi mtu mzima. Ile barua aliichana hapo hapo, akarudi kwa watoto.

Rehema nilimwambia jioni. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Yeye aligeuza uso ukutani. Halafu akauliza, "Jumapili ijayo utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Na hayo maji?"

"Nitayachanganya mwenyewe asubuhi, mbele yako."

"Haya," akasema.

Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi nilisimama mbele ya madaktari na wauguzi wote, nikaweka mezani vile vikaratasi vyeupe na ile plasta yenye jina langu. Nilieleza. Nikasema wikiendi wenzangu hawakuwa na kosa, na kwamba aliyewaambia kikulacho ki nguoni mwako ndiye aliyekuwa nguoni. Metroni alitazama chini, maana naye aliwahi kulisifu pipa. Daktari Kweka alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliniomba mtu wa wikiendi awachunge wenzako," akasema. "Sasa unaomba nini? Mtu wa wikiendi au adhabu?"

"Vyote daktari, ila mtu wa wikiendi aanze."

Watu wakacheka, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Barua ya onyo niliipata, ya haki kabisa, imo kwenye faili langu na sijawahi kuomba iondolewe. Lakini jambo lilikuwa limeeleweka, kwa sababu ushahidi ulikuwa kosa langu mwenyewe. Hata mtu anayejua kanuni zote ataharibu akijaribu kuifanya kazi ya Jumapili siku ya Ijumaa. Wiki ile ile ufunguo wa pili wa stoo ukachongwa, ukakaa kwa muuguzi wa zamu. Neema akaongezwa kwenye kazi yangu. Akachukua Jumamosi ili Jumapili aimbe kwaya yake, mimi nikachukua Jumapili. Baadaye wakaongezeka wengine, mkaja na nyie. Pipa nililipeleka mwenyewe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na nililisukuma kwa mguu.

Mtoto wa Rehema homa ilimshuka Jumatano. Nilikuwa nimesimama pale Neema aliposoma kipimajoto, akakisoma mara ya pili, akanipa na mimi nisome. Nilikwenda chooni nikalia tena, safari hii kwa raha. Jumapili nilichanganya klorini mbele ya Rehema kama nilivyoahidi. Alitoka kitandani na mtoto kifuani, akasimama karibu, akanitazama nikipima. Alirudia kunitazama kila Jumapili mpaka mtoto alipofika kilo mbili na baba yake akaja kuwachukua, bado amevaa fulana ya kazini yenye mistari inayong'aa. Wakati wa kuondoka Rehema alinipa mkono tu. Kwangu ulitosha.

Kabla ya mtoto yule walikuwepo wengine waliochemka wikiendi, na si wote waliotoka. Daktari Kweka aliniambia mtoto njiti ana sababu mia za kufa, na kwamba hakuna awezaye kujua ipi ilikuwa ipi. Alisema kwa huruma na alisema kweli. Hata hivyo daftari lile ninalo nyumbani, majina ya mama zao nayajua, na kwenye dua zangu nawataja. Sitaki mtu aniambie nisahau.

Ninachowaachia ni kidogo. Chombo kikiwa na plasta, plasta iwe na siku, saa na jina la aliyechanganya. Ukimwandikia mtu amri, mwandikie na sababu, ili siku sababu ikifa aweze kuikataa amri. Na mhudumu wa usafi akikwambia kitu hakinuki kama kawaida, acha unachofanya umfuate. Bi Somoe alistaafu kabla yangu. Pua yake ilikuwa nzima kuliko yangu, tatizo ni kwamba hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Majuzi binti wa jirani yangu alijifungua hapo hospitalini, nikaenda kumtazama Jumapili baada ya adhuhuri, na kikapu cha uji na supu. Mlangoni mwa wodi ya wazazi nilisimamishwa na muuguzi ambaye sijawahi kumwona. Alikuwa na beji ya kudhibiti maambukizi, na daftari kwapani.

"Shikamoo mama. Nawa mikono kwanza, sabuni hiyo hapo."

"Marahaba," nikamjibu, nikanawa, naye akanisimamia mpaka nilipomaliza vidole gumba. Pembeni ya sinki palikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kivulini. Nilivaa miwani nikasoma plasta yake. Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, na jina la mtu nisiyemjua. Nilifunua mfuniko kidogo, nikapunga mkono.

"Mama, mbona unanusa ndoo?" akauliza yule binti.

"Ya leo," nikamwambia, nikaingia kumwona mtoto.